"Mkusanyo" na "Hiba": Istilahi Mbili za Makumbusho

Miongoni mwa istilahi za makumbusho zimo zinazoficha historia ya urithi unaoonyeshwa. Tuzitazame mbili.

Ya kwanza ni "mkusanyo". Mwaka 1906 Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na Newala akifuatana na askari, akachukua vinyago na vyombo vya wenyeji. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, vilikuwa bado havijaisha. Vingine alivinunua, lakini anayeuza mbele ya bunduki si sawa na anayeuza sokoni. Neno "mkusanyo" halisemi hayo. Hutufanya tudhani kuwa vitu viliokotwa tu, kama kuni.

Ya pili ni "hiba". Kinyago cha Kimakonde, lipiko, kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, kikaishia makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva. Kilirudi mwaka 2010 kwa makubaliano yaliyokitaja kuwa hiba. Lakini mtu hapewi hiba ya mali yake mwenyewe, hurejeshewa.

Kwa hiyo twapendekeza kila kibandiko kitumie kitenzi cha kweli: kilinunuliwa, kilitekwa, kiliibwa, kilirejeshwa, kitaje mwaka na mahali, pamoja na jina ambalo wenyewe walikiita. Pasipo hayo, mtu wa Newala atakitambua kinyago cha babu zake kabatini, asijue kilivyomtoka.