Ya Kale Dhahabu, Lakini kwa Mizani Gani?

Ya kale ni dhahabu, walisema wahenga. Sisi wa Mpanda, tunaoishi jirani na machimbo, tunajua kwamba dhahabu haithaminiwi kwa macho tu. Huwekwa kwenye mizani. Nami nimekuwa nikijiuliza: hizi santuri za kale zinazotafutwa siku hizi kwa bei kubwa, zinapimwa kwa mizani ya nani?

Wakusanyaji wa santuri wana kanuni yao. Bora kwao ni chapa ya kwanza, tena isiwe imechezwa sana. Ili kuitambua, hutazama karatasi ya katikati: rangi yake, nembo, jina la kampuni. Kisha huinamisha santuri kwenye mwanga na kusoma namba zilizochongwa pale sindano inapofikia wimbo ukiisha. Kanuni hiyo ina sababu. Santuri hugandamizwa kwa muhuri wa chuma, na muhuri huchakaa. Kwa hiyo zilizotangulia aghalabu zina sauti safi kuliko zilizofuata.

Sina ugomvi na sababu hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba, ikiletwa kwetu, kanuni hii hupima jambo moja na kuacha jingine lililo zito zaidi.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zetu zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo nyingi zilibaki kwenye kanda za studio bila kuwa santuri kamwe. Zilizobahatika zilichapwa Nairobi, kisha zikarudi kwetu. Na safari ya treni hadi Mpanda hupita Tabora na Kaliua. Mpaka wa Kenya ulipofungwa kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, njia hiyo nayo ikawa ngumu. Santuri iliyofika huku haikuwa kitu cha kuwekwa kabatini. Ilitakiwa ichezwe.

Chukua mfano wa Mbaraka Mwinshehe, aliyepata sifa na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, akafariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979. Alipokuwa hai, nyimbo zake zilitoka kwenye santuri ndogo, na wimbo mrefu uligawanywa pande mbili. Ukifika katikati, mtu alinyanyuka akaigeuza. Baada ya kifo chake, Polygram ya Kenya ilizikusanya kwenye santuri kubwa za mfululizo ulioitwa Ukumbusho. Ilikuwa kazi njema, na wengi tumemjua kwa njia hiyo. Lakini angalia kazi iliyofanywa na jina hilo. Wimbo uliokuwa wa dansi la Jumamosi umevishwa nguo ya msiba. Gitaa ni lilelile, ila sasa tunalisikiliza kama watu walio matangani.

Hapo ndipo chapa ya kwanza inapopata uzito wake. Inatuambia kwamba mwenye santuri hii aliinunua mwimbaji akiwa hai, naye akingoja wimbo utakaofuata. Huo ni ushahidi ambao Ukumbusho, kwa wema wake wote, haiwezi kuutoa.

Na kama santuri ni shahidi, basi mikwaruzo si aibu yake. Nimeziona hapa mjini santuri zilizoandikwa jina la mwenyewe kwa wino juu ya karatasi ya katikati, ili isipotee ikiazimwa kwenye harusi. Mnunuzi huziweka kando, au hutaja bei ya kutupa, kwa kuwa eti zimechafuliwa. Kwa mizani yake ana haki. Kwa mizani yetu jina lile ni sehemu ya thamani: linathibitisha kwamba muziki huu ulipita mikononi mwa watu, ukachezewa hadi mistari ikachakaa. Matokeo yake, safi zinasafirishwa mbali, zilizochezwa zinaishia jalalani, na sisi tunabaki bila zote mbili.

Siwezi kumwambia mwenye shida asiuze. Lakini ndugu msomaji, kabla hujapokea fedha, mketishe baba au shangazi yako umwulize: ulinunua wapi, ulicheza na nani, nani aliiazima asiirudishe? Andika majibu hayo kwenye daftari. Hakuna kiwanda kilichoyachonga kwenye santuri, na mzee akishaondoka hatapatikana wa kuyasoma.