Barua kwa Mwalimu, kutoka Barbiana

Kitabu tunachotaka kusema habari zake leo hakikuandikwa na watu wenye elimu kubwa. Kiliandikwa na vijana 8 wa mlimani, wana wa watu maskini, kikatoka Italia mwaka 1967. Jina lake ni Lettera a una professoressa, maana yake Barua kwa mwalimu mwanamke.

Barbiana ni parokia ndogo katika milima ya Mugello, karibu na mji wa Firenze. Padri Lorenzo Milani alipelekwa huko Desemba 1954. Hakukuta barabara nzuri, wala umeme, wala maji ya bomba. Akafungua shule nyumbani mwake kwa watoto ambao shule nyingine ziliwaangusha. Alikufa Juni 26, 1967, akiwa na miaka 44, kitabu kikiwa kimetoka majuma machache tu. Juni 20, 2017 Papa Fransisko alikwenda kusali penye kaburi lake.

Vijana hao wanatuonyesha watoto wawili. Pierino ni mtoto wa daktari. Kwao vitabu vipo, naye ajua kusoma kabla hajaingia shuleni. Gianni ni mtoto wa maskini, na hata usemi wa kwao sio ule wa shuleni. Mwalimu huwapa wote kazi moja na kuwapima kwa kipimo kimoja. Mwishoni Pierino hupanda darasa, Gianni hurudi shambani. Basi, mwalimu huyo amemfundisha nani? Pierino angalijua mengi hata bila yeye.

Sisi tuliopata kufundisha twaona haya kusoma maneno hayo. Tulikuwa tukiuliza swali, mikono mitano yanyoshwa, siku zote ile ile. Tulimwita mmoja, akajibu vizuri, tukaandika ubaoni na kuendelea. Tulidhani darasa limefahamu, kumbe tulikuwa tukizungumza na watoto watano. Wale wengine walinyamaza, na mwisho wa mwaka tuliandika kwamba ni wavivu.

Kitabu hiki hakilaumu tu. Chaonyesha pia kazi yenyewe. Kule Barbiana aliyechelewa kufahamu ndiye aliyetangulizwa, na wenzake walimngoja. Mkubwa alimfundisha mdogo, maana aliyefahamu jana akumbuka bado mahali palipomshinda. Vitabu vilikuwa vichache, wakasoma wengi pamoja katika kimoja. Walisoma gazeti, wakaulizana maana ya kila neno gumu. Hata barua hii waliitunga pamoja: kila mmoja aliandika mawazo yake katika vikaratasi, wakavipanga mezani, wakaondoa yaliyorudiwa, wakatafuta neno jepesi mahali pa neno gumu. Ndiyo sababu maneno yake ni mafupi, tena yanachoma.

Je, kitabu hakina makosa? Kinayo. Kosa la kwanza ni hasira yake. Mama yule mwalimu hapewi nafasi ya kujibu, nasi twasikia upande mmoja tu. Yeye naye alifuata programu na mitihani asiyoitunga. Kosa la pili ni kwamba chadai mengi mno. Padri Milani hakuwa na mke wala watoto, na wanafunzi wake walikuwa wachache; aliweza kufundisha siku zote za mwaka, hata Dominika. Kwetu Kongo, tangu serikali ilipoanza kuondoa malipo katika shule za msingi za umma mwaka 2019, watoto walijaa madarasani. Mwalimu mwenye watoto 60, ambaye mshahara wake wachelewa, hatuwezi kumwambia awe kama Barbiana. Kumdai hivyo ni kumwonea.

Lakini tusijifiche nyuma ya hesabu hiyo. Kumwuliza kwanza asiyenyosha mkono hakuhitaji fedha. Kuwagawanya watoto 60 katika makundi, kila kundi na mmoja aliyefahamu, hakuhitaji vitabu vipya. Kueleza kwa lugha ya nyumbani neno la Kifaransa ambalo mtoto analiimba bila kulifahamu, ni kazi ya dakika mbili. Na mtoto akikosa siku tatu, kumtuma mwenzake aulize habari kwao ni jambo jepesi. Huenda analea mdogo wake, au hana kalamu.

Twawaomba waalimu wakisome kitabu hiki, na wazazi pia. Wasikisome wapate kumcheka mama yule wa Italia. Wakikifunga, wafungue daftari ya majina, waangalie yale ya mwisho. Mtoto wa kwanza atausifu ufundi wetu kwa watu. Lakini ni yule wa mwisho ajuaye kama tulifundisha.