Lakabu za Walimu

Sisi Watanzania ni hodari wa kubandika watu lakabu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, hivyo maelfu ya vijana wa darasa la saba walichukuliwa, wakajifunza ualimu huku wakifundisha vijijini. Tukawaita "walimu wa UPE". Miaka 30 hivi baadaye, sekondari za kata zilipochipuka, vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya mwezi mmoja hivi, wakakabidhiwa chaki. Hao tukawaita "voda fasta", jina la huduma ya kuongeza salio la simu kwa haraka.

Naona lakabu zote mbili zimebisha hodi mlango usio wake. Vijana wale hawakujituma. Walitumwa, na waliowatuma hawana lakabu hadi leo. Nimewaona walimu wa UPE wakijisomea kwa kibatari, wakafanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, wakapanda daraja. Moyo walikuwa nao. Walichonyimwa ni maandalizi. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri kabla ya alama kupangwa upya mwaka 2013. Lawama nyingi zikamwangukia tena mwenye chaki.

Hapa Kahama jambo hili lina sura yake. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001, ule wa Buzwagi mwaka 2009. Kodi ya chumba ikafuata mfuko wa mgodini, si mshahara wa mwalimu. Mwalimu aliyepangiwa kijiji kisicho na nyumba ya kuishi hupanga mbali, hupanda bodaboda alfajiri, hukuta darasa limefurika. Akilalamika huambiwa ualimu ni wito.

Ni wito, sikatai. Lakini sidhani kama mgodi ungemkabidhi mtu mtambo wa kusagia mawe kwa mafunzo ya mwezi mmoja, kisha umtake aishi kwa wito. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Sisi tunangoja chanda kiwe chema bila kukitunza.

Basi, ndugu msomaji, ukisikia mwalimu wa shule ya maskini anachekwa, uliza kwanza: aliandaliwa kwa muda gani, na analala wapi?