Endapo, Isipokuwa, Kwa Sharti: Fani ya Hati ya Bima ya Gari

Katika hati nzima ya bima ya gari, bei ndiyo sentensi pekee isiyokuwa na sharti. Ahadi nyingine zote zimefungwa kwa "endapo", zikazungushiwa "isipokuwa", zikamaliziwa na "kwa kuzingatia masharti ya hati hii". Ada ya bima haina hata moja ya pingu hizo. Imeandikwa kwa tarakimu, inalipwa leo, na baada ya kulipwa haijadiliwi tena. Ndiyo maana mwenye gari huishika haraka: ni sehemu inayoeleweka kwa kutazamwa tu. Wasiwasi wangu ni kwamba wengi wetu husoma hapo na kuacha, nasi tunaamini tumekwisha kununua kinga.

Tanzania bei yenyewe inasema machache sana. Bima ndogo ya gari binafsi, ile inayomlinda mtu wa tatu, yaani mtu mwingine anayedhuriwa na gari hilo, imezoeleka kwa miaka mingi kuwa shilingi 118,000, yaani 100,000 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kwa bima kubwa, kiwango cha chini kinachojulikana ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari binafsi, kabla ya kodi. Gari la milioni 20 basi hukatiwa bima kwa 700,000, na kodi ikiongezwa inafika 826,000. Ikiwa sakafu ni moja kwa kampuni zote, wakala mmoja anapata wapi punguzo la laki na ushei? Jibu halimo kwenye bei. Limo kwenye maandishi: thamani iliyoshushwa, kipengele kilichoondolewa, au kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mwenye gari hubeba mwenyewe, watu wa bima hukiita eksesi, kilichopandishwa kimyakimya.

Kwa hiyo inafaa hati hii tuisome kama tusomavyo kazi nyingine ya maandishi, kwa kuangalia jinsi ilivyojengwa. Uhakiki wetu wa shuleni umezoea kutenga fani na maudhui, hii juu na hayo chini. Hapa utengano huo haufanyi kazi, kwa maana mpangilio wa sehemu ndio unaoamua nani analipwa. Kwanza linakuja jedwali, lenye jina, namba ya gari, thamani na tarehe. Zinafuata sehemu za fidia, ambapo kampuni inaahidi kwa sauti pana: ajali, moto, wizi. Kisha vinakuja visivyofidiwa, na mwisho masharti. Msomaji anapewa kwanza, ananyang'anywa baadaye, na kwa kuwa wengi huchoka kabla ya ukurasa wa nne, wanabaki na nusu ya kwanza ya msuko. Siku hizi hata hiyo nusu haifiki mikononi: kinachokuja kwenye simu ni stika ya kielektroniki, ambayo trafiki huihakiki katika mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na hati yenyewe haiombwi na mtu.

Ugumu wa lugha hii una asili yake. Mwaka 1779 wafanyabiashara wa Lloyd's, soko la bima la London, walikubaliana juu ya hati moja ya bima ya meli. Ilipofika 1791 jaji mmoja wa Uingereza alikwisha kuiita ya kipuuzi na isiyoshikamana, lakini iliendelea kutumika hadi miaka ya 1980. Sababu ni kwamba neno lililokwisha kupita mahakamani lina maana inayojulikana, na mwandishi wa bima huogopa neno jipya kuliko neno baya. Hati za magari zilirithi tabia hiyo. Zipo pia kanuni za kumtetea msomaji: utata ukishindikana kutatuliwa, mahakama huusoma dhidi ya aliyeandika. Lakini kanuni hiyo inahitaji utata wa kweli, na sentensi zinazoumiza zaidi hazina utata wowote.

Chukua maneno yanayohusu gari lililoibwa au kuharibika kabisa. Kampuni italipa thamani ya soko siku ya hasara au thamani iliyotajwa kwenye jedwali, ipi iliyo ndogo. Maneno matatu ya mwisho ndiyo kitovu cha hati nzima. Tuseme mtu ana Toyota IST ambayo sokoni ni milioni 12. Akiikatia bima ya milioni 15 kwa kujipendelea, atalipa ada ya milioni 15, na ikiibwa atapewa 12. Akiandika milioni 8 ili apunguze ada, kwa kiwango cha asilimia 3.5 ataokoa shilingi 140,000 kabla ya kodi akilinganishwa na aliyeandika milioni 12, na gari likiibwa hatavuka 8. Sentensi hiyo inaelekea upande mmoja tu, na mwenye gari hayuko upande huo. Kuna hati zinazokwenda mbali zaidi kwa kuweka kifungu cha uwiano. Huyo wa milioni 8 akigonga nguzo na matengenezo yakawa milioni 3, atahesabiwa kuwa alijikatia bima theluthi mbili tu ya gari lake, hivyo atalipwa milioni 2, na eksesi bado haijatolewa. Alichookoa kwenye bei ni 140,000. Alichopoteza kwa bampa na taa moja ni milioni.

Tazama pia nani anashika kitenzi. Katika sehemu ya fidia, mwenye bima hafanyi lolote, anatendewa. Kampuni "inaweza, kwa hiari yake" kutengeneza, kubadilisha au kulipa fedha taslimu. Neno "inaweza" hapo lina gereji ndani yake, lina vipuri vipya au vya mtumba, lina wiki za kusubiri. Mawakala wawili wenye bei sawa wanaweza kutofautiana hapo peke yake, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko punguzo lolote nililowahi kusikia likitajwa.

Mandhari ya hati ni finyu kuliko ya maisha. Mstari wa matumizi kwenye jedwali husema gari ni la shughuli za kijamii, nyumbani na starehe. Mwalimu anayewasha programu ya taksi mtandao jioni pale Ubungo hadi saa nne usiku ametoka nje ya mstari huo, ingawa gari ni lilelile na stika ni hai. Anayevuka Tunduma kwenda Zambia anahitaji kadi ya njano ya COMESA kwa ajili ya mtu wa tatu, na bati la gari lake mwenyewe halilindwi huko mpaka hati iongezewe kipengele. Mafuriko nayo ni ya kuuliza kwa jina lake, hasa kwa wanaopita Jangwani wakati wa masika.

Lakini kifungu kinachonishughulisha kuliko vyote ni kile kinachomkataza mwenye bima kukiri kosa, kuahidi au kukubaliana malipo bila idhini ya kampuni. Mtu akigonga bodaboda pale Mwenge, watu hukusanyika ndani ya dakika moja. Mwungwana hushuka, humpa pole aliyeumia, husema "kaka, nitakutibu", na mzee mmoja hujitokeza kusuluhisha. Huo ndio utu tuliolelewa nao, na sitamshauri mtu auache. Hati iliyoandikwa mbali na barabara hiyo inaweza kuiona ahadi ile kama uvunjaji wa sharti. Tofauti kati ya kumpa mtu pole na kukubali deni kwa niaba ya kampuni ni nyembamba, na mahali pa kuijua ni mezani, kabla ya kulipia, si barabarani huku damu inatiririka.

Mhusika wa ajabu zaidi katika hati hii ni Mtu wa Tatu. Hakutia saini, hajui hata kwamba yumo, na bado sheria imemweka katikati. Sheria za Afrika Mashariki juu yake zinafuata mfano wa Uingereza wa 1930, na kinachodaiwa kwa lazima ni uhai na mwili wake. Uzio wake au gari lake huingia kwa maneno ya hati, kwa ukomo uliotajwa kwenye jedwali. Kenya hata mwili una ukomo wa kisheria: shilingi 3,000,000 za huko kwa mtu mmoja. Zaidi ya hapo, aliyegonga anajitegemea. Masharti mengi hayamzuii Mtu huyu kulipwa. Kampuni inaweza kulazimika kutimiza hukumu ya mahakama ingawa mteja wake alikiuka mkataba. Kisha kifungu kingine, kilichojibanza karibu na mwisho, kinaipa haki ya kumgeukia mteja na kumdai fedha hizo. Mnunuzi wa bima ndogo anayeamini kwamba baada ya ile 118,000 hakuna atakayemgusa hajafika kwenye kifungu hicho.

Nimezungumza kana kwamba kampuni peke yake ndiyo iliyoandika, lakini kuna maandishi ya mteja pia: fomu ya maombi. Hati nyingi za ukanda wetu hutangaza mwanzoni kabisa kwamba majibu ya fomu hiyo ndiyo msingi wa mkataba. Uingereza, kulikozaliwa kanuni hiyo, iliifuta kwa sheria za 2012 na 2015. Kwetu, mara nyingi wakala huijaza fomu kwa haraka, huweka "hapana" mbele ya swali la ajali zilizopita, na mteja hutia saini chini bila kusoma. Nakala yake iombwe siku hiyohiyo pamoja na hati kamili, kwa sababu jedwali hutolewa katika fomu hiyo: mwaka wa kutengenezwa, matumizi, madereva wanaoruhusiwa, thamani, na jina la benki kama gari lina mkopo.