Waashi wa Al-Hijr

Mjenzi wa nyumba huanzia chini. Hupiga msingi, akapanga mawe safu juu ya safu, na mstari ukimpinda hubomoa akarudia. Mwashi wa makaburi ya Al-Hijr, katika jangwa la kaskazini-magharibi mwa Saudi Arabia, alianzia juu, na hakuwa na nafasi ya kurudia. Alipanda jabali, akakata ukingo wa kusimamia, akachonga kilele, kisha akateremka pamoja na kazi yake hadi mlangoni. Kipande kilichodondoka kilikuwa kimekwenda. Ndiyo maana nauenzi ufundi huu kuliko fani nyingi za ujenzi: kabla ya pigo la kwanza la sururu, kaburi zima lilikwisha kusimama akilini mwa mtu.

Wanabatea, watu waliojenga mji huo, waliuita Hegra. Wengi wetu tunaujua kwa jina la Madain Saleh. Ulikuwa mji mkubwa wa kusini wa ufalme ambao makao yake yalikuwa Petra, katika Jordan ya leo, na misafara ya ngamia iliyobeba ubani na manemane kutoka kusini mwa Arabia ilipita hapo. Utajiri wa njia hiyo ndio uliolipa waashi. Makaburi ya fahari yaliyochongwa majabalini ni 111, na kati yake 94 yana nakshi usoni. Ni kazi ya karne ya kwanza kabla ya Kristo na karne ya kwanza baada yake. Mwaka 2008 UNESCO iliyaandika katika orodha ya urithi wa dunia, mahali pa kwanza pa Saudi Arabia kuingia humo.

Nyakati hizo pwani yetu ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa imeshafikiwa na biashara hiyo. Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kuhusu njia za majahazi, kinamtaja Malichus, mfalme wa Wanabatea, na kinaitaja pia Rhapta, soko la mwisho la Azania, yaani pwani yetu hii, lililouza pembe za ndovu. Baadhi ya makaburi ya Hegra yana tarehe za utawala wa mfalme huyo.

Msomaji Mwislamu analo jambo jingine moyoni. Sura ya 15 ya Kurani inaitwa Al-Hijr, na Kurani inasimulia habari za kaumu ya Thamud waliochonga makazi majabalini, wakamkanusha Nabii Saleh. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad, akielekea Tabuk, aliwaasa masahaba wake wasiingie mahali pale ila kwa kulia. Maandishi yaliyo juu ya milango ya makaburi ni ya Wanabatea, watu waliokuja baada ya Thamud, lakini ile adabu ya kuingia kwa unyenyekevu inabaki kuwa adabu njema. Haimzuii mtu kuitazama kazi ya mikono kwa makini. Inamfundisha namna ya kuitazama.

Basi tutazame. Juu kabisa ya makaburi mengi kuna ngazi mbili zinazoachana, kila moja ya daraja tano, pambo lenye asili ya Mesopotamia. Chini yake ukanda uliobetuka kwa mtindo wa Misri. Kisha nguzo zilizochongwa zikatokeza kidogo tu ukutani, na vichwa vyake vyenye pembe, ambavyo ni mtindo wa Wanabatea wenyewe. Juu ya mlango utaona paa la pembetatu la Kigiriki, na penginepo tai aliyekunjua mabawa, au uso wa mtu uliozungukwa na nyoka. Misafara ilileta mitindo ya dunia pamoja na bidhaa zake, na waashi wakachagua. Hawakurundika. Kila kimoja kimepewa mahali pake, na katikati wameacha ukuta mtupu ili jicho lipumzike. Kujua pa kuacha ni nusu ya ufundi wa nakshi.

Kwa mwanafunzi wa kazi hii, kaburi la kusoma ni Qasr al-Farid. Limechongwa katika jabali lililosimama peke yake, lina urefu wa zaidi ya mita 20, na halikumalizika. Juu, kila mstari umenyooka na uso umelainishwa. Kadiri macho yanavyoshuka ndivyo jiwe linavyozidi kukwaruza, hadi chini ambako nguzo ni matumbo ya mwamba yasiyo na umbo, yamejaa alama za patasi. Hatua zote za kazi zimebaki wazi kwa mpangilio wake: kwanza kuparua jabali, kisha kukadiria umbo, kisha kunyoosha, mwisho kulainisha. Jiwe lenyewe ni jiwe la mchanga, laini kwa chuma, laini pia kwa upepo. Kilichofanya kazi ya fundi iwezekane ndicho kinachoila taratibu.

Zaidi ya makaburi 30 yana maandishi, na maandishi hayo ni hati za mali. Andishi moja linasema kaburi ni la Kamkam binti Wailat na bintiye Kulaybat, wao na vizazi vyao. Wanawake wenye mali yao na neno lao. Liliandikwa mwaka wa tisa wa mfalme Aretas wa Nne, yaani karibu na mwaka 1. Linamlaani kwa jina la miungu Dushara na Manat yeyote atakayeliuza, kulinunua au kuliweka rehani, na linamtoza faini. Kisha, baada ya miungu na fedha, linafunga kwa jina la aliyelichonga: Wahballahi mwana wa Abdobodat. Kwenye makaburi mengine yumo Aftah, naye mwana wa Abdobodat.

Hapo ndipo sifa zangu zinapoishia na dai langu linapoanzia. Tumezoea kuliita jengo kwa jina la aliyelilipia, na kumsahau aliyeamka alfajiri kulisimamisha. Wenye makaburi wa Hegra walikuwa watu wa hesabu kali, wenye kuandika kila haki na kila adhabu, na bado walikubali jina la mwashi liingie katika hati moja na majina yao. Walielewa kwamba anayefanya kazi isiyo na marekebisho amejifunga kwa heshima yake, na heshima hiyo ina haki ya kuandikwa. Roma iliumeza ufalme wao mwaka 106. Majina ya waashi yangali yanasomeka. Nasi tunaojenga misikiti, makanisa, shule na nyumba zetu tuwape mafundi wetu haki hiyo hiyo: ukutani, kwa herufi za kudumu, karibu na jina la mwenye mali.