Stelingi Ikigonga: Jinsi ya Kumtambua Fundi Anayejua Kazi

Katika gereji za Gerezani jijini Dar es Salaam, au zile za Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, kuna lalamiko lisiloisha: "Fundi, gari inagonga mbele." Jibu la haraka linajulikana. Tairi moja inatikiswa, karatasi inatolewa, orodha inaandikwa: boli jointi mbili, tairodi mbili, stabilaiza linki, bushi za lowa amu, pengine na shokapu. Mteja analipa, spea zinafungwa, na wiki haijaisha mlio umerudi palepale.

Orodha ndefu namna hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kazi duni. Sehemu ya mbele ya gari ina viungo vingi vinavyotoa milio inayofanana, na chuma husafirisha sauti. Linki iliyochoka karibu na tairi la kushoto inaweza kusikika kana kwamba imo chini ya miguu ya dereva upande wa kulia. Kwa hiyo ubora wa fundi wa stelingi uko kwenye njia anayopita kutoka kwenye mlio hadi kwenye kipuri kimoja, tena kwa ushahidi. Mteja ambaye hajawahi kushika spana anaweza kuifuatilia njia hiyo kwa macho yake.

Njia hiyo huanza na maswali. Fundi mzuri haulizi sana inagonga wapi, maana mwenye gari hawezi kujua. Anauliza inagonga lini. Gari likiwa limesimama na usukani unazungushwa, au mpaka litembee? Kwenye rasta na vijiwe vidogo, au kwenye tuta kubwa? Unapokata kona huku umekanyaga mafuta? Mlio ni mmoja au unafuatana? Unausikia mikononi kwenye usukani, au miguuni kwenye sakafu? Kila jibu linapunguza washukiwa.

Kisha anaomba ufunguo. Anaendesha mwenyewe, redio imezimwa, vioo vimeshushwa, na akipata ukuta mrefu anapita karibu nao, kwa sababu ukuta hurudisha sauti ya tairi la upande ule na kuitenga na ya upande wa pili. Akifika penye mashimo madogo anagusa breki kidogo tu huku gari likiendelea kutembea. Mlio ukinyamaza papo hapo, anaanza kushuku pedi au kalipa ya breki inayocheza, na stelingi inaweza kuwa haina kosa lolote. Fundi anayelala chini ya gari kabla ya kulisikia likitembea anabahatisha, hata kama ana miaka thelathini kazini.

Baada ya hapo linakuja jaribio linaloheshimika kuliko yote, nalo halihitaji jeki. Gari linabaki sakafuni, au juu ya shimo la gereji, uzito wote ukiwa juu ya tairi. Hendibreki imevutwa, gia iko kwenye P, na injini inawaka ili pawa isaidie. Msaidizi anakaa kwenye kiti cha dereva na kuuchezesha usukani kushoto na kulia kwa upana wa vidole vinne hivi, bila kukoma. Chini, fundi anashika viungo kimoja baada ya kingine: jointi ya shafti inayoingia kwenye reki (mtambo unaogeuza mzunguko wa usukani kuwa msukumo wa kushoto na kulia), bolti zinazoifunga reki kwenye fremu, rekiendi iliyofichwa ndani ya mpira wenye mikunjo, na tairodi inayoshikana na nako, chuma kinachobeba habu ya gurudumu. Kidole kimoja kiko upande huu wa kiungo, kingine upande wa pili. Kiungo kizima hupeleka msukumo wote papo hapo. Kilichochoka hukawia kidogo, kisha hugonga, na kishindo hicho huhisiwa mkononi kabla hakijafika sikioni.

Sababu ya kuacha tairi chini ni ya kimaumbile. Mpira wa tairi ukishikana na sakafu hukataa kugeuka, nao ukaidi huo huibana kila nafasi iliyo kati ya usukani na gurudumu mpaka ijionyeshe. Tairi likining'inia hewani hugeuka kwa urahisi, na nafasi ndogo hupita bila kugunduliwa. Fundi anayekimbilia jeki kwanza amelitupa jaribio lake bora.

Jeki ina zamu yake, na hapa pia kuna cha kutazama. Gari likiwa juu, likiwa limekaa kwenye stendi wala si kwenye jeki peke yake, fundi hushika tairi kushoto na kulia na kulitikisa. Kucheza kwa namna hiyo kunaelekeza kwenye tairodi au rekiendi. Halafu hulishika juu na chini. Likicheza sasa, washukiwa ni boli jointi au beringi ya habu, na mafundi wengi huishia hapo wakachagua mmoja kwa kukisia. Anayejua humwambia msaidizi akanyage breki, kisha hutikisa tena. Breki huishika habu iwe kitu kimoja na nako: mchezo ukipotea, ni beringi, ukibaki, ni boli jointi au kitu cha jirani yake. Jaribio hili halimgharimu mteja hata senti.

Mahali pa kuweka jeki napo panasema mengi. Kwenye IST, Vitz, Corolla na magari mengi madogo ya Kijapani, springi na shokapu vimeungana kuwa nguzo moja, kwa mfumo uliobuniwa na mhandisi wa Kimarekani Earle MacPherson katika miaka ya 1940. Boli jointi ya chini ya magari haya haibebi mzigo wa springi, hivyo inatosha kuliinua gari kwenye bodi na kuacha gurudumu lining'inie. Kwenye Mark X, springi inaikandamiza lowa amu. Gurudumu likiachwa lining'inie, springi inaivuta boli jointi na kuibana, nayo iliyokwisha itaonekana nzima. Hapo jeki lazima iwe chini ya lowa amu yenyewe. Mteja akiona fundi anahamisha jeki kulingana na aina ya gari, ajue yuko mikononi mwa mtu anayeelewa anachokipima.

Mfumo huo wa MacPherson ndio pia chanzo cha mlio unaowapoteza wengi. Kwa kuwa nguzo nzima huzunguka pamoja na gurudumu, juu yake kuna mauntingi yenye beringi ndogo. Beringi hiyo ikikwama kwa kutu au vumbi, springi hujisokota usukani unapozungushwa, kisha hufyatuka ghafla kwa kishindo. Gari limesimama, hakuna shimo, hakuna mwendo, lakini linagonga. Basi reki inalaumiwa na kutolewa. Fundi makini huweka kiganja juu ya mauntingi, kisha kwenye koili ya springi huku msaidizi akizungusha usukani. Mruko wa springi hausikiki tu, unaonekana.

Stabilaiza linki inastahili kuelezwa kwa kirefu kuliko zote, kwa kuwa ni kipuri kidogo, cha bei nafuu, na kinachochoka mapema kwenye barabara za vumbi na mashimo. Kazi yake ni kuunganisha gurudumu na stabilaiza, fimbo inayopita kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine. Fimbo hiyo hujisokota pale gurudumu moja linapopanda na jingine likabaki. Kwa hiyo linki mbovu hupiga kelele kwenye mashimo ya upande mmoja na barabara iliyochimbika ovyo, lakini inaweza kunyamaza kwenye tuta lililonyooka, ambako magurudumu yote mawili hupanda kwa pamoja. Mwenye gari anayesema, "Kwenye tuta haigongi, kwenye rafu rodi inagonga," ameshafanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni rahisi na ya uhakika: fundi anafungua linki zote mbili, anazifunga pembeni kwa waya zisiguse kitu, na kuendesha polepole mtaa wa jirani. Mlio ukiwa umetoweka, mhusika amepatikana. Ukiwepo bado, linki zinarudishwa na mteja hajanunua chochote. Katika majaribio yote ya gereji, hili ndilo linalomtenga kwa uwazi zaidi fundi anayethibitisha na yule anayeuza spea.

Jointi za CV, zile za shafti zinazozungusha magurudumu, hazina mafumbo. Ya nje ikichoka hulia tak-tak-tak kona inapokatwa huku mafuta yamekanyagwa, na mlio huenda kasi kadiri gari linavyokwenda kasi. Mpira wake ukiwa umepasuka, na grisi imetapakaa ndani ya rimu, hakuna haja ya mjadala.

Kuna kugonga kwingine kusikotoka kwenye magurudumu kabisa, na huku ndiko ujuzi wa fundi hupimwa kikweli. Kati ya usukani na reki kuna shafti fupi yenye meno yanayoshikana. Mwaka 2012 kampuni ya Toyota iliagiza kurudishwa karakana kwa zaidi ya magari milioni 2.7 duniani, Prius zikiwamo, na moja ya sababu mbili ilikuwa meno hayo: usukani ukikatwa mara kwa mara kwa nguvu hadi mwisho huku gari likienda polepole, meno yangeweza kuharibika na kuanza kucheza. Kwenye baadhi ya Hyundai zenye pawa stelingi ya umeme, kama Elantra na Sonata za kuanzia mwaka 2011, mhusika anayejulikana ni kipande kidogo cha mpira kilicho kati ya mota na shafti ya usukani. Kikisagika, dereva husikia kishindo chepesi mikononi akichezesha usukani, hata gari likiwa limesimama. Kipande hicho hutosha kwenye kiganja. Hata hivyo kuna gari zilizobadilishwa reki nzima kabla ya mtu kufikiria kukitazama. Mlio unaosikika mikononi zaidi ya miguuni unapaswa kumpeleka fundi juu, chini ya dashibodi, kabla ya kumpeleka chini ya gari.

Reki yenyewe ina kishawishi chake. Nyuma yake kuna nati ya kurekebisha, na kuikaza kidogo huzima mlio mara nyingi. Huo si uponyaji. Ikikazwa kupita kiasi, usukani unakuwa mzito karibu na katikati na haurudi wenyewe baada ya kona. Dereva analazimika kuurudisha kwa mkono, jambo la hatari kwenye mwendo wa barabara kuu. Mteja anayeambiwa "nimekaza reki, imeisha" anapaswa kukata kona pana mahali salama, alegeze mikono, na kutazama kama usukani unarejea wenyewe.

Magari makubwa yana kanuni zao. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zinazopanda na kushuka kwenye hifadhi na vijiji vya mbali, zina ekseli nzima mbele, sanduku la stelingi badala ya reki, na, kwa zile zenye springi za koili, fimbo ndefu inayozuia ekseli isihame kushoto na kulia. Bushi za fimbo hiyo zikichoka, usukani hugeuka, bodi huhama kwanza, kisha tairi hufuata kwa kishindo. Lile jaribio la kuchezesha usukani gari likiwa chini hufichua hili mara moja kwa anayejua kutazama ncha za fimbo. Asiyejua hufunga dampa mpya ya stelingi. Gari hutulia kwa muda, na ubovu hubaki umefichwa nyuma ya kipuri kipya.

Kipuri kikishajulikana, mikono ya fundi inaendelea kusema. Nyundo hupigwa ubavuni mwa nako ili kuifyatua tairodi, kamwe si kwenye meno ya bolti. Nati yenye mapengo ikipita tundu la spliti pini huendelea kukazwa hadi pengo linalofuata. Kuirudisha nyuma ili pini iingie ni kulegeza kiungo kinachoshikilia maisha ya watu. Pini ya zamani haitumiki tena. Na bushi za lowa amu, za mpira ulioshikana na chuma, hukazwa mwisho gari likiwa limekaa kwenye tairi zake kwa kimo chake cha kawaida. Zikikazwa gurudumu likining'inia, mpira hubaki umejisokota siku zote na hupasuka mapema, kisha duka la spea linasingiziwa kuuza feki. Hatua hii huchukua dakika chache tu, na ni wachache mno wanaoifuata. Anayeifuata bila kuambiwa anastahili kurudiwa.

Spea za zamani ziombwe, zisiachwe gereji. Boli jointi au tairodi nzima hugeuka kwa ugumu mkononi. Iliyokwisha huanguka upande wowote, au husikika ikigonga ikisukumwa ndani na nje; mpira wake mara nyingi umechanika, na badala ya grisi safi ndani yake kuna tope la kutu. Kama kipuri kilichotolewa kinageuka kwa ugumu na mpira wake ni mzima, mteja ana haki ya kuuliza kilibadilishwa kwa ushahidi gani.

Tairodi au rekiendi ikiguswa, wili alaimenti haiepukiki, hata kama fundi alihesabu mizunguko ya meno ili kuirudisha ilipokuwa. Kuhesabu kunatosha kulifikisha gari kwenye mashine, lakini hakutoshi kulinda tairi zisiliwe upande mmoja. Karatasi ya mashine hutoa vipimo vya kabla na baada ya marekebisho. Safu hizo mbili zikifanana kila tarakimu wakati tairodi ni mpya, mteja aulize, gari likiwa bado juu ya mashine, ni nati ipi iliyofunguliwa.