Kung'oa Otomatiki, Kutia Manyuali: Kazi Ilivyo katika Hiace

Magari mengi ya mkono wa pili yaingiayo Kenya kutoka Japani huwa ni ya otomatiki, na hata Toyota Hiace, ambalo Nairobi hulitumia kwa matatu ya abiria 14 na wafanyabiashara wa soko la Gikomba kwa kubebea marobota ya mitumba, halikusalimika na hali hiyo. Ndipo mwenye gari, akiisha kuona giaboksi imechemka kwa mzigo na foleni ya Barabara ya Landhies, na akiisha kuambiwa bei ya kuifungua na uchache wa mafundi waiwezao, akakata shauri aing'oe na kutia ya manyuali, ambayo fundi wa kando ya barabara huifahamu, na ambayo siku betri ikifa gari husukumwa likawaka. Muradi wangu ni kubainisha kwamba ugumu wa kazi hii hauko pale wengi wanapoudhania. Giaboksi yenyewe ni chuma tu, na chuma hakijapata kuwashinda mafundi wa Eastlands jijini Nairobi.

Fundi mwenye busara hanunui giaboksi peke yake, bali hutafuta seti kamili iliyotoka katika gari moja la manyuali lenye injini ileile, aghalabu nozikati, yaani sehemu ya mbele ya gari iliyokatwa Japani na kuuzwa katika maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan: giaboksi, flaiwili, klachi na pedali yake, silinda zake mbili, nyaya za gia na kompyuta ya injini, na propela pia ikipatikana. Akusanyaye kimoja kimoja huokoa fedha siku ya kwanza, kisha akazimaliza zote kwa kutafuta boliti.

Kosa dogo lenye gharama kubwa hufanyika nyuma ya injini. Gari la otomatiki halina flaiwili nzito. Lina bamba jembamba lenye meno ya stata, na bamba hilo ndilo libebalo torki konvata. Likiisha kutolewa, hutiwa flaiwili, ambayo uso wake ndio klachi huushika. Sasa, boliti zilizofunga bamba jembamba si lazima ziwe na urefu uifaao flaiwili nene, na fundi azirudishaye zizo hizo kwa kuwa nyuzi zimelingana, huenda akawa ameifunga kwa nyuzi chache tu. Fauka ya hayo, katika kitovu cha krenki kuna tundu ambalo kiwanda, kwa gari la otomatiki, aghalabu hakilitii beringi; na beringi hiyo ndogo ndiyo ishikayo ncha ya shafti ya giaboksi isiyumbe. Ikisahauliwa, gari litatembea na mwenyewe atakwenda zake kwa furaha. Baada ya muda giaboksi itaanza kunguruma, na lawama itamwangukia aliyeiuza, ilhali taksiri ni ya aliyeifunga.

Pedali na nyaya sina haja ya kuzirefushia maneno, kwani gia ya Hiace hukaa kwenye dashibodi wala hapana sakafu ya kukatwa. Propela ndiyo ilipelekayo gari kwa watu wa jua kali, maana giaboksi mbili zikitofautiana urefu, hiyo nayo hukatwa au huungwa. Kuunga wanakuweza sana. Lakini propela iliyochomewa bila ya kusawazishwa hutetemeka gari likikaza mwendo, ikala beringi ya kati.

Ugumu wenyewe uko katika umeme. Katika otomatiki, waya wa stata hupitia swichi iliyoko kwenye giaboksi, isiyoruhusu injini kuzungushwa illa gia iwe P au N. Giaboksi ikitolewa, swichi imekwenda nayo, na ufunguo ukizungushwa hapana sauti. Fundi mwenye haraka huzifunga nyaya mbili pamoja kwa tepu, injini ikawaka, kazi ikahesabiwa kwisha. Hivyo ndivyo gari lipewavyo uwezo wa kuruka mbele likiwashwa ndani ya gia; na katika vichochoro vya Gikomba, ambamo mbele ya kila bampa kuna mkokoteni au mama aliyeinamia rundo la nguo, mimi siuhesabu huo kuwa uzembe mdogo. Dawa yake ni swichi juu ya pedali ya klachi, nyaya zizo hizo zikapitishwa hapo. Kompyuta ya otomatiki nayo ikiachwa, huendelea kuitafuta giaboksi isiyokuwapo, ikawasha taa ya injini daima, hata siku ya hitilafu ya kweli dereva hashtuki. Kadhalika kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, ambacho kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zililazimisha matatu kukifunga, hutegemea ishara ya mwendo. Ishara ikipotoka, nacho husema uongo.

Hukumu yangu ni kwamba Hiace lafaa kubadilishwa, madhali kiwanda chenyewe kilitengeneza la manyuali na spea zake zipo mjini. Ama vigari vidogo ambavyo ndugu zao wa manyuali ni adimu, mwenye navyo na aviuze. Mwenye Hiace naye ajue kwamba dereva wa leseni ya daraja B1, iliyo ya otomatiki tu, hana tena idhini ya kuliendesha gari likiisha kubadilishwa. Nawe msomaji uliyekwisha kubadilishiwa lako, kabla ya kumlipa fundi salio, toa gia iwe huru, vuta breki ya mkono, usiiguse klachi, uzungushe ufunguo: stata ikizunguka, mrudishie gari amalize kazi.